Kanali Jim Corbett: Mwindaji wa simbamarara aliyezikwa Nyeri, moyo wake ukiwa mtoni

Wageni wengi wanaofika katika makaburi ya Kanisa la St Peter's mjini Nyeri huwa wameletwa na kaburi moja tu, la Lord Baden-Powell, mwasisi wa maskauti duniani. Hulitazama, hupiga picha, kisha hushika njia kurudi mjini. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza lilipo kaburi la mzee mwingine aliyezikwa huko huko miaka 14 baadaye, na ambaye aliishi katika nyumba ile ile aliyoishi Baden-Powell.

Mzee huyo ni Kanali Edward James Corbett, ambaye ulimwengu ulimfahamu kwa jina fupi la Jim. Kule India, alikozaliwa na kuishi hadi umri wa miaka 72, jina lake limepewa mbuga ya kitaifa iliyo kongwe kuliko zote nchini humo. Vitabu vyake kuhusu simbamarara, yule mnyama mkubwa mwenye milia ambaye hapatikani katika nyika za Afrika, vimesomwa na watu wa mataifa mengi. Hapa Kenya alikofia, sidhani kama wapo wengi ambao wangeweza kukuonyesha alikolala.

Sifa zote za Corbett ni sifa za bunduki. Hata hivyo, anayevisoma vitabu vyake kwa utulivu hugundua kwamba mtu huyu alikuwa na penzi jingine kongwe, nalo ni la mshipi na ndoana. Katika kitabu chake cha kwanza, kilichojaa visa vya simbamarara wala watu, aliingiza sura nzima isiyohusu mla watu yeyote. Ni habari ya mtu mmoja, mto mmoja na samaki mmoja. Na mtu aliyekuwa bingwa wa uwindaji alithubutu humo kuuweka uvuvi wa samaki huyo juu ya michezo mingine yote ya nyikani.

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 mjini Nainital, mji uliojengwa kando ya ziwa katika milima ya Kumaon, chini ya Himalaya. Baba yake, Christopher William Corbett, alikuwa msimamizi wa posta wa mji huo. Familia yao ilikuwa na watoto wengi na fedha chache. Baba alifariki mwaka wa 1881, Jim akiwa bado hajatimiza miaka sita, na mzigo wote ukamwangukia mama yao, Mary Jane, mwanamke ambaye tayari alikuwa amewahi kufiwa na mume wa kwanza katika machafuko makubwa ya miaka ya 1857 na 1858.

Desturi ya familia hiyo ilikuwa kukaa Nainital wakati wa joto, kisha kuteremka bondeni hadi Kaladhungi baridi ilipoingia. Kaladhungi ndiyo iliyokuwa shule halisi ya mtoto huyo. Msitu ulianza pale ua wa nyumba ulipoishia. Kaka yake Tom alimfunza kutoogopa giza, naye mwindaji haramu wa kijijini aliyeitwa Kunwar Singh akamfunza kusoma nyayo. Kabla hajafika utineja, alikuwa akizurura msituni peke yake na gobori kuukuu lenye mitutu miwili, mmoja ukiwa umepasuka. Alijifunza kuiga milio ya ndege na wanyama hata wakamjibu.

Wakati huo huo alikuwa akijifunza mito. Maji ya eneo hilo hutoka milimani yakiwa baridi na maangavu, yakapita katika mabonde yenye misitu mikubwa ya misali, kisha yakatawanyika katika tambarare ya kaskazini mwa India. Mkubwa wa mito ya upande ule ni Ramganga, ambao huanzia katika milima ya Garhwal, hupinda kati ya vilima vya mwisho vya Himalaya, na mwishowe kumwaga maji yake katika mto Ganges. Hali ya hewa huko si ya kitropiki kamili. Kuna majira ya baridi yenye umande mzito, kuna miezi ya joto kali, na kuna masika ya monsuni kuanzia Juni hadi Septemba ambapo mto hugeuka kuwa tope liendalo mbio.

Samaki anayetawala maji hayo ni mahasiri wa dhahabu. Kwa Mkenya, njia rahisi ya kumweleza ni kusema kwamba ni wa jamii moja na ningu wa Ziwa Victoria, ila fikiria ningu aliyekua hata akamzidi mtoto wa shule kwa uzani. Magamba yake ni makubwa ajabu, yale ya samaki mzee yakikaribia upana wa kiganja, na ubavuni hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Midomo yake ni minene, ina ndevu nne, na taya zake hazina jino hata moja. Meno yamefichwa kooni, na humo ndimo anamosaga kaa, konokono, vidagaa na hata matunda ya porini yaangukayo majini.

Aliyezoea kuwaona mbuta wa Kisumu wakipimwa kwenye mizani huenda asitishike na ukubwa huo. Mbuta anaweza kupita kilo 100, ilhali mahasiri mkubwa kabisa aliyewahi kuandikwa katika kumbukumbu za wavuvi wa mshipi, yule aliyenaswa na mtu wa familia ya Van Ingen mwaka wa 1946 katika mto Kabini kusini mwa India, alikuwa na ratili 120, yaani kilo 54 hivi. Naye huyo alikuwa wa aina nyingine, mahasiri mwenye nundu. Lakini wavuvi wa mchezo hawahesabu kilo pekee. Mbuta wa ziwani huishi katika maji yaliyotulia. Mahasiri amezaliwa katika maporomoko, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kupambana na mkondo.

Waingereza waliokuwa wakiitawala India walimpenda samaki huyu hadi wakamlinganisha na samoni wa kwao, na wengine wakasema amemshinda. Mnamo 1873 afisa mmoja wa serikali aliyeitwa Henry Sullivan Thomas alichapisha kitabu kizima kuhusu uvuvi wa ndoana nchini India, na mahasiri ndiye aliyekuwa mfalme wa kurasa zake. Kufikia wakati Corbett alipokuwa kijana, kila afisa aliyepelekwa vilimani alifika na ufito wa kuvulia ndani ya mizigo yake.

Inafaa kueleza jinsi uvuvi wenyewe ulivyofanyika, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kilichomvuta Corbett. Miezi mizuri ilikuwa miwili au mitatu kabla ya masika, kuanzia Februari, na mingine michache baada yake, maji yanapokuwa yamejitenga na tope. Mvuvi hakuhitaji mashua. Alisimama juu ya mawe ya ukingoni, mara nyingi mahali kijito kinapokutana na mto, kwa kuwa mahasiri hupenda kuvizia vidagaa katika makutano hayo. Chambo kilikuwa kijiko kidogo cha shaba, kisicho na mpini, chenye ndoana yenye ncha tatu nyuma yake. Kikivutwa majini hupinduka-pinduka na kumeta kama samaki mdogo aliyejeruhiwa.

Mvuvi alikirusha ng'ambo ya mkondo, akauacha mto ukibebe kwa upinde hadi upande wake. Mahasiri hadonoi. Hupiga mara moja tu, kwa kasi, kisha hukimbia. Mbio hizo za kwanza ndizo zilizomfanya awe maarufu. Mshipi wa hariri, mita 100 na zaidi, unaweza kuisha kwenye gurudumu lake kabla mvuvi hajajua samaki ameelekea wapi, na hapo hana budi kumfuata kwa miguu, akirukaruka juu ya mawe yenye utelezi huku mikono yote miwili imeshika ufito. Midomo ile minene ina nguvu za kuponda ndoana ikawa kama waya. Na samaki akifanikiwa kuuzungusha mshipi kwenye jabali, kazi imekwisha.

Baada ya mbio, mahasiri huzama chini na kutulia tuli kama jiwe. Hapo huanza mchezo wa subira ambao waweza kuchukua saa nzima. Mvuvi hukaza, hulegeza, hukaza tena. Mara nyingi samaki mkubwa hakutolewa na mvuvi peke yake, bali na wanakijiji walioingia majini hadi kiunoni kumshika. Zama hizo hakuna aliyefikiria kumrudisha majini. Nyama yake iligawiwa, na kijiji kizima kililala kimeshiba.

Corbett hakuanza maisha akiwa na nafasi ya starehe kama hizo. Kabla ya kufika miaka 20 aliacha masomo akaajiriwa na kampuni ya reli ya Bengal and North Western, kwanza kama msimamizi wa kuni za kuendeshea magari ya moshi. Baadaye alipewa kandarasi ya kuvusha mizigo katika kituo cha Mokameh Ghat, ukingoni mwa Ganges huko Bihar. Reli za pande mbili za mto zilikuwa na upana tofauti, hivyo kila gunia na kila sanduku lilishushwa, likavushwa na kupakiwa upya kwa mikono na migongo ya watu. Alikaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Aliishi na vibarua wake, alizungumza lugha yao, alifungua shule ya watoto wao na kuwagawia sehemu kubwa ya faida.

Jina lake lilianza kuvuma mwaka wa 1907. Simbamarara jike mmoja, aliyefukuzwa kutoka Nepal baada ya kuua watu wapatao 200 huko, alikuwa ameingia eneo la Champawat na kuua wengine zaidi ya 230. Corbett alimfuata kwa miguu na kumuua. Kwa hesabu za serikali, mnyama huyo mmoja alikuwa ameangamiza watu 436. Mnamo 1910 alimuua chui wa Panar, aliyedaiwa kuua 400. Tangu hapo, kila kijiji cha Kumaon kilipovamiwa, wajumbe walitumwa kumtafuta Corbett.

Alitoa masharti mawili kabla ya kwenda: zawadi yoyote ya fedha iliyotangazwa ifutwe, na wawindaji wengine wote waondolewe eneo hilo. Hakutaka kuitwa muuaji wa kulipwa, wala hakutaka kupigwa risasi kimakosa na mtu aliyejificha kichakani. Aidha, alipowachunguza wanyama aliowaua aligundua kwamba wengi wao walikuwa na majeraha ya zamani, mengine yakiwa ya risasi na mengine ya miiba ya nungunungu. Simbamarara mzima, alishikilia, hana haja na nyama ya mtu. Hoja hiyo ndiyo iliyomtenganisha na wawindaji wa zama zake waliohesabu ngozi ukutani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea, mwaka wa 1917, aliongoza vibarua 500 wa Kumaon hadi Ufaransa, na akawarudisha nyumbani karibu wote wakiwa hai. Katika miaka ya 1920, yeye na rafiki yake Percy Wyndham, afisa wa ngazi za juu wa serikali, walinunua shamba huko Tanganyika, karibu na Mlima Kilimanjaro. Hapo ndipo uhusiano wake na Afrika Mashariki ulipoanzia, miongo miwili kabla ya kuhamia.

Kisa kilichompa umaarufu zaidi kilikuwa cha chui wa Rudraprayag. Mji huo umekaa mahali mito ya Alaknanda na Mandakini inapokutana, kwenye njia ya mahujaji wa Kihindu waendao Kedarnath na Badrinath. Kati ya 1918 na 1926 chui mmoja aliua watu 125 katika eneo hilo. Usiku hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Habari zilifika hadi bunge la Uingereza. Corbett alianza kumsaka mwaka wa 1925, akishirikiana na afisa wa wilaya aliyeitwa William Ibbotson, na alimaliza kazi mwanzoni mwa Mei, 1926.

Katikati ya msako huo wa kutisha, Corbett alipata wasaa wa kuvua. Katika kitabu alichokiandika baadaye kuhusu chui huyo, sura moja nzima ni ya mshipi na mahasiri. Msomaji wa kwanza huenda akashangaa. Watu wanaliwa, mahujaji wanalala wakitetemeka, naye mwindaji waliyemtegemea amesimama mtoni na ufito! Lakini mwenye kujua kazi aliyokuwa akiifanya hataona ajabu. Alikuwa amekesha usiku baada ya usiku juu ya mti au kando ya maiti, akimsubiri mnyama aliyekuwa akimwinda yeye vilevile. Mwili ulihitaji kupumzika na jicho lilihitaji kutazama kitu kisicho damu. Mtoni alivizia pia, alisubiri pia, ila huko kosa lake halikumgharimu mtu maisha.

Nadhani hapo ndipo palipo ufunguo wa tabia yake. Masikio na subira aliyoitumia kumfuata chui ndiyo aliyoitumia kuusoma mkondo. Alijua mahali samaki alipolala kwa kutazama jinsi maji yalivyojikunja juu ya jiwe. Katika maandishi yake ya uvuvi, samaki mwenyewe huchukua nafasi ndogo. Nafasi kubwa ni ya ndege walio juu ya maji, nyayo zilizo mchangani na milio ya msituni.

Ibbotson naye alikuwa mgonjwa wa maradhi hayo hayo ya mshipi, na urafiki wao ulidumu. Hata mla watu wa mwisho wa Corbett aliuawa karibu na maji ya mahasiri. Kijiji cha Thak kiko kilimani juu ya makutano ya mito ya Ladhya na Sarda, mpakani mwa Nepal. Jioni ya Novemba 30, 1938, Corbett akiwa na umri wa miaka 63, alimuua simbamarara wa Thak, na hakuwinda tena mla watu.

Kufikia wakati huo alikuwa amegeuka kwa kiasi kikubwa. Mtaalamu wa misitu F. W. Champion, aliyekuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kupiga picha za simbamarara usiku porini, alimshawishi aonje kamera. Corbett alinunua kamera ya sinema na akawa akikaa kando ya kijito saa nyingi akiwangoja simbamarara ili awapige picha tu. Alizunguka shuleni akiwahutubia watoto kuhusu wanyama. Mwaka wa 1936, serikali ya mkoa ilitenga msitu wa bonde la Ramganga kuwa mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini India, ikaitwa Hailey kwa jina la gavana Sir Malcolm Hailey. Corbett alikuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo na kushauri mipaka yake.

Hivyo mto wa mahasiri ukawa moyo wa hifadhi. Kando ya maji yake waliishi tembo, simbamarara, fisi-maji na mamba wa aina mbili, mmoja wao akiwa yule mwenye mdomo mwembamba kama koleo aliwaye samaki tupu. Si ajabu kwamba mbuga iliyowekwa kwa ajili ya simbamarara iliwalinda pia samaki waliokuwa wakiuawa kwa baruti na sumu katika sehemu nyingine za mito hiyo.

Katika Vita Vikuu vya Pili, akiwa mzee na mwenye afya mbovu, aliwafunza wanajeshi mbinu za kuishi katika misitu ya Burma, na mwaka wa 1944 akapewa cheo cha luteni kanali. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kwanza, kuhusu wala watu wa Kumaon. Kiliuzwa kupita matarajio yote. Mtu aliyekuwa hajulikani nje ya vilima vyake akawa maarufu duniani akikaribia miaka 70.

Kisha ikaja 1947. India ilipata uhuru mwezi wa Agosti. Corbett, ambaye hakuwahi kuoa, na dadake Maggie, ambaye naye hakuolewa, waliuza nyumba yao ya Nainital na kuondoka kwa meli kutoka Bombay hadi Mombasa mwishoni mwa mwaka huo. Mashamba ya kijiji cha Chhoti Haldwani, karibu na Kaladhungi, aliyokuwa ameyanunua zamani na kuwagawia wakulima, aliwaachia. Hata akiwa Kenya aliendelea kuwalipia kodi ya ardhi hadi alipokufa.

Kwa nini aliondoka? Ni swali ambalo Wahindi wengi waliompenda wamejiuliza. Alihofu kwamba dola mpya isingekuwa na nafasi kwa watu wa rangi na asili yake, na pengine alihofu zaidi kwa ajili ya Maggie endapo yeye angetangulia kufa. Kwa maoni yangu alikosea, kwani Kumaon haikumsahau wala kumchukia. Lakini ni vigumu kumlaumu mzee wa miaka 72 kwa kuogopa.

Walikaa Nyeri, katika Paxtu, nyumba ndogo iliyo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, ambayo Baden-Powell aliijengewa mwaka wa 1938. Kutoka veranda yake mtu huuona Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Hapo ndipo Corbett alipoandika sehemu kubwa ya vitabu vyake vya mwisho, kikiwemo kile cha 1952 kuhusu India ya maskini aliowafahamu, na cha 1953 kuhusu utoto wake msituni.

Mito ya Nyeri ilikuwa na samaki wa mchezo tayari. Trauti walikuwa wameletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na Ewart Grogan na kuachiliwa katika mto Gura, na walowezi waliwavua kwa nzi bandia katika vijito vya Aberdare na Mlima Kenya. Wenyeji wa Agikuyu, ambao mila yao haikuwa na samaki mezani, waliwatazama kwa mshangao. Lakini trauti wa kilo moja au mbili ni kitu kingine kabisa kwa mtu ambaye mikono yake ilijua uzito wa mahasiri.

Usiku wa Februari 5, 1952, Corbett alikesha katika Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mgumo katika msitu wa Aberdare, akiwa mlinzi wa Binti Mfalme Elizabeth na mumewe. Usiku huo huo Mfalme George VI alifariki akiwa usingizini Uingereza. Ni Corbett aliyeandika katika kitabu cha wageni yale maneno maarufu kuhusu msichana aliyepanda mtini akiwa binti wa mfalme na kuteremka akiwa malkia. Kwa Wakenya wengi waliosoma historia shuleni, hilo ndilo jambo pekee wanalohusisha na mzee huyo, na wengi wao hawajui hata kwamba ni yeye.

Miezi minane baadaye, Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa. Nyeri ikawa kitovu cha vita. Vijana waliingia msitu ule ule wa Aberdare, na wanavijiji wakahamishwa kwa nguvu hadi katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Mnamo 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza Treetops. Corbett aliyaishi hayo yote akiwa Paxtu. Mtu aliyeandika kitabu kizima cha upendo kwa kuli wa Mokameh na mkulima wa Kumaon hakuandika kitabu cha namna hiyo kuhusu mkulima Mkikuyu aliyepita mbele ya lango lake. Huenda uzee ulimzuia, na lugha pia. Lakini ni haki kusema kwamba Kenya aliyoishi Corbett ilikuwa Kenya ya mlowezi, na masikio yale yaliyosikia kila mlio wa msitu wa India hayakutuachia mengi kuhusu sauti za hapa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kijitabu kuhusu usiku ule wa Treetops. Alikimaliza mapema Aprili, 1955. Siku chache baadaye moyo wake, uliokuwa umechoka kwa malaria na maradhi ya kifua ya miaka mingi, ulishindwa. Alifariki Aprili 19, 1955 akiwa na umri wa miaka 79, na akazikwa St Peter's.

India, nchi aliyodhani haitamtaka, ilifanya jambo ambalo hakulitarajia. Muda si mrefu baada ya kifo chake serikali ya nchi huru ikaliondoa jina la gavana na kuipa mbuga ya Ramganga jina la Corbett. Humo ndimo mradi wa taifa wa kumwokoa simbamarara ulimozinduliwa mwaka wa 1973. Nyumba yake ya Kaladhungi ni makumbusho.

Mto wenyewe haukusalimika. Bwawa kubwa lilijengwa Kalagarh na kukamilika mwaka wa 1974, likazamisha sehemu ya bonde alilolipigania. Mahasiri huhitaji kupanda mito wakati wa masika ili kutaga katika vijito vya juu vyenye changarawe, na ukuta wa bwawa hauna ngazi. Mabwawa, uchimbaji wa mchanga, baruti na nyavu zenye matundu madogo vimempunguza kote chini ya Himalaya, na leo mahasiri wa dhahabu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wavuvi wa mchezo wa siku hizi wanaompata humpima, humpiga picha na kumrudisha majini. Penye usalama zaidi ni katika vidimbwi vya mto vilivyo chini ya mahekalu, kama kule Haridwar na Rishikesh, ambako mahujaji huwarushia vipande vya unga na hakuna anayethubutu kuwagusa.

Maggie alibaki Kenya. Alisaidia kuhifadhi kumbukumbu za maisha ya kaka yake na kuwasimulia waliotaka kumwandika, hadi naye alipofariki mwaka wa 1963, mwaka ule ule bendera ya Uingereza ilipoteremshwa Nairobi. Paxtu ingali imesimama katika bustani ya Outspan. Wageni huoneshwa humo vitu vya Baden-Powell, na anayeuliza huambiwa kwamba baada yake aliwahi kuishi humo mwindaji mmoja kutoka India.